Nguo za Baridi za Tukutuku ya Mkwe

Élisabethville, Kamalondo
Jumapili ya Pentekoste, 24 Mei 1953

Masista wa shule ya kushona walitufundisha kuandika ili tusisahau vipimo vya nguo za watu. Nimeandika viuno na mabega ya mji mzima, na sasa nimechoka. Mwaka huu nitaandika baridi. Imeingia jana. Leo kwenye misa padre alipofungua kinywa, mvuke ulitoka kabla ya neno la Mungu.

Baada ya misa binti yangu Edith aliniletea mkate. Kila Jumapili mume wake, Godefroid, ananitumia mkate kutoka kwa mwoka mikate Mgriki ambaye yeye anamfanyia kazi. Mkate mzuri, siwezi kusema uongo. Lakini mwenyewe sijamwona uso, na huu ni mwaka wa pili wa ndoa yao. Kwetu Ankoro mkwe na mama mkwe hawatazamani mpaka upande wa mume ulete mbuzi wa kufungua njia. Hata siku ya ndoa nilikaa nyuma ya nguzo ya kanisa. Namjua Godefroid kwa mgongo, kwa kofia, na kwa alama za viatu vyake kwenye vumbi. Akiniona barabarani anageukia ukuta, nami nafunika uso kwa kitambaa. Ni heshima, sawa. Lakini mbuzi sijamwona mpaka leo, na heshima bila mbuzi mimi naiita maringo.

28 Mei

Tukutuku ya Mgriki, pikipiki ambayo Godefroid anapelekea mikate Kipushi, imezimika tena mbele ya mlango wangu alfajiri. Kila siku ni vile vile. Inatoka kwa kina Edith, upande wa chini wa barabara, ikiunguruma, ikifika kwangu inakufa, halafu inafufuka kule juu kwa fundi viatu. Liévin, mume wangu, anasema ni mafuta machafu. Mimi nasema ni dereva.

31 Mei

Mkate. Upepo.

3 Juni

Edith alikuja asubuhi, tumbo mbele yake, akakaa karibu na mbabula, jiko letu la makaa, bila kusalimia vizuri. Nilijua kuna neno.

"Mama, jana alirudia toka Kipushi, mikono ilikuwa sawa ya muntu alikufa. Alishindwa kufunga bouton ya shati. Ni miye nilimupa chai na kijiko, sawa mutoto."

"Avae gants, zile glavu."

"Gants iko nazo. Upepo inapita mule. Anasema saa ingine hasikie kama ameshika frein ao hashike." Akapasha mikono kwenye mbabula. "Mama, bazungu ba kule Kipushi, tukutuku zabo ziko na manchons, mifuko ku guidon, mikono inaingia mule. Na tablier ya kufunika miguu. Wee ni couturière. Utushonee."

Nilimjibu kwamba nashona nguo za watu, sishoni nguo za mashine. Basi akaanza kulia, si kwa sauti, machozi tu yanashuka. Barabara ya Kipushi alfajiri ni giza na ukungu, na huyu kijana anaikimbia na sanduku la mikate nyuma yake na vidole visivyosikia hata breki. Akianguka vibaya, mtoto wa Edith atazaliwa bila baba.

Nimesema nitashona. Nimesema nafanya kwa ajili ya mjukuu.

7 Juni, Jumapili

Siku ya vipimo. Nimecheka mpaka mbavu zinauma, na nimekasirika pia.

Liévin na Edith waliisukuma tukutuku hadi uani kwangu. Godefroid alibaki nje, nyuma ya ukuta, maana hawezi kuingia nikiwepo. Basi nikawa napima usukani na kuuliza maswali kupitia Edith.

"Muulize mkono wake una urefu gani."

Edith akaenda mlangoni, akarudi. "Anasema ni mukono tu, mama."

"Muulize vidole."

Akaenda, akarudi akiuma midomo asicheke. "Anasema anasikia haya."

Kweli, mwanaume gani atamwelezea mama mkwe mwili wake? Ndipo nikamwambia Liévin apande yeye. Mzee wa reli na mvi zake zote akapanda, akashika usukani, akaanza kufanya tutututu kwa mdomo mpaka majirani wakachungulia. Nikapima mikono yake na magoti yake. Nilijiambia mwanaume ni mwanaume, nikiongeza kidogo itatosha.

10 Juni

Liévin amepewa kipande kikuukuu cha turubai la kufunika mabehewa. Kigumu, sindano mbili zimevunjika. Ndani naweka blanketi. Kwa miguu nimepata ngozi ya mbuzi sokoni. Angalau mbuzi mmoja ameingia katika habari hii.

13 Juni

Nimemaliza. Mifuko miwili ya mikono inafungwa kwenye usukani kwa kamba, na ndani nimeacha nafasi ya breki na ya klachi. Kwenye kifundo nimetia uzi wa kukaza, kama ninavyotia kwenye nguo za watoto wachanga, upepo usipate pa kuingilia. Tablier ya miguu inafungwa kiunoni kwa mkanda na kushuka hadi chini ya goti, mbali na bomba la moshi. Liévin ameijaribu akisema angeivaa kulalia.

15 Juni

Edith ameleta jibu: "Anasema aksanti mingi, zinaenea kabisa." Nimetembea siku nzima kama askofu.

18 Juni

Tukutuku imevaa nguo zangu lakini bado inazimika mlangoni kwangu. Kama si mafuta na si dereva, basi ni dharau. Wengine wanapunguza mwendo mbele ya nyumba ya wakwe zao. Huyu anaizima kabisa, anapita kimya kama mwizi wa kuku.

21 Juni, Jumapili

Mkate. Mara hii ulikuwa mrefu zaidi.

26 Juni

Baridi kali. Maji ya beseni uani yalikuwa na ngozi ya barafu juu, nyembamba, nikaivunja kwa kidole. Nilifikiria ile mikono iko ndani ya blanketi langu, nikafurahi. Sikumwambia mtu.

30 Juni, Jumanne

Godefroid ameanguka.

1 Julai

Jana sikuweza kuandika. Leo naandika yote.

Angélique, jirani yetu, ndiye aliyekuja mbio. Nilitoka na sindano bado kwenye kola ya gauni. Nilikimbia barabara nzima, mimi mwanamke mzima, na nilipofika penye mlango wao miguu ikasimama. Mtoto wa watu analia kwa maumivu ndani, na mimi siwezi kuingia, maana njia haijafunguliwa. Nikakaa chini nje, mgongo kwenye ukuta, chini ya dirisha. Sijawahi kuichukia desturi yetu kama saa ile.

Nilimsikia akimweleza Edith. Mtu mwenye baisikeli na magunia ya makaa alitoka ghafla kwenye kijia cha porini. Godefroid alitaka kushika frein. Vidole vilikuwa vimekunjwa ndani ya blanketi, havikuweza kunyooka. Akataka kuuchomoa mkono, uzi ukamkamata kwenye kifundo. Akaipeleka tukutuku kwenye majani ili asimgonge yule mtu. Mkono wa kuume umevimba, kifundo kimeteguka. Miguu ni mizima, ngozi ya mbuzi imechanika badala ya ngozi yake. Mikate ilimwagika kwenye umande, akaiokota kwa mkono mmoja.

Halafu akasema polepole, na maneno haya nitayakumbuka: "Edith, usimuambie mama kama ni manchons. Utaona atasikia vibaya. Sema ni mwenye makala."

Nilifunika mdomo kwa kitambaa.

Edith alipotoka kumwaga maji alinikuta pale chini. Hakunionea huruma, na sikustahili.

"Zilikuwa ndogo, mama. Tangu siku ya kwanza. Papa iko na mikono mifupi, Godefroid ni murefu sawa poto ya taa."

"Mbona alisema zimeenea?"

"Angesema nini? Mukwe anaweza kuambia mama mukwe kama zawadi yake ni mbaya?"

Kumbe alikuwa anapanda kila alfajiri na mikono iliyofungwa, kwa sababu ya heshima. Na mimi nilimpima mzee Liévin, kwa sababu ya heshima hiyo hiyo. Adabu zetu mbili zimekutana kwenye barabara ya Kipushi na kumwangusha mtoto.

Mgriki amesema atamngoja mkono upone, kazi anayo. Lakini akianguka tena, tukutuku itapewa mtu mwingine.

2 Julai

Sikushona.

3 Julai

Sikushona. Alfajiri ni kimya, hakuna tukutuku ya kuzimika mlangoni kwangu. Ajabu, nimeamka saa ile ile, nikawa naisubiri.

5 Julai, Jumapili

Hakuna mkate. Lakini amekuja mgeni.

Godefroid hana mama, alikufa zamani. Aliyemlea ni mama yake mdogo, Mwansa, anayeuza munkoyo, kinywaji cha mahindi, kule Kipushi. Alifika kumtazama mgonjwa, kisha akaja moja kwa moja kwangu, kibuyu kichwani, uso umekunjamana. Hakukaa.

"Mama Edith, mutoto wangu anaumia, na weye hata ku mulango haupite."

"Nipite namna gani? Njia bado kufunguliwa. Mbuzi yenu iko wapi?"

"Mbuzi gani?"

"Mbuzi ya kufungua njia! Mwaka wa pili huu tunangoja!"

Mwansa alishusha kibuyu chini polepole sana. "Mbuzi ya nani? Kwetu ni mama mukwe njo anapika. Anapika bukari, kuku, sombe, yote, analeta, anaingiza mukwe mu nyumba. Tuko tunangoja sufuria yenu tangu ndoa! Miye nilikuwa nasema, bantu ba kaskazini beko na maringo. Banamuzarau mutoto wetu juu hana mama."

Nilikaa kwenye kiti cha cherehani. Yeye naye akakaa, bila kukaribishwa.

Mwaka mzima na zaidi nilimwita mtu wa maringo. Na yeye kila Jumapili alikuwa ananitumia mkate, akisubiri sufuria, akidhani simtaki kwa kuwa ni yatima. Siwezi kueleza jinsi nilivyosikia. Kama mtu amenipiga kofi na amefanya haki.

Liévin alikuwa mlangoni anasikiliza. Akaanza kucheka mpaka akakohoa. "Banamuke bawili banakaa banangoja! Mbuzi inakula nyasi, sufuria inaota kutu!"

Tukamgeukia wote wawili kwa macho, akakimbilia nje. Halafu Mwansa akacheka, nami nikacheka, akanimiminia munkoyo.

Lakini ukafuata ugomvi wa pili. Nani atangulie? Mimi nikitangulia na sufuria, watu wa kwetu watasema nimemtupa binti yangu bure. Yeye akitangulia na mbuzi, wa kwao watasema amenunua ruhusa ambayo ni haki ya mtoto. Tulibishana mpaka munkoyo ikaisha. Ni Liévin tena aliyesema kutoka uani: "Ku njia ya reli moja, treni mbili zinakutanana ku gare. Hakuna yenye kushinda."

Basi gare yetu itakuwa penye bomba la maji, katikati ya nyumba zetu mbili, Jumapili ijayo.

11 Julai

Nimechinja kuku. Nimetwanga sombe, majani ya muhogo, mpaka mabega yanawaka. Naogopa kama bibi harusi.

12 Julai, Jumapili

Tulitoka baada ya misa. Mimi na Angélique na sufuria vichwani kutoka juu, Mwansa na wajomba wa Godefroid kutoka chini, na mbuzi mweupe mwenye kamba. Barabara nzima ilikuwa nje kutazama. Penye bomba la maji tukasimama, hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kuvuka. Nilianza kuogopa kwamba tutasimama pale mpaka mvua za Oktoba.

Mbuzi ndiye aliyeamua. Alisikia harufu ya majani ya sombe, akamponyoka mjomba, akapita katikati yetu, akakimbia moja kwa moja mpaka uani kwangu. Mwansa akapiga vigelegele: "Njia imefunguka!" Nami nikashuka na sufuria zangu bila kungoja mtu.

Godefroid alikuwa amekaa kwenye mkeka, mkono wa kuume umefungwa bendeji, kichwa chini. Nikapiga magoti mbele yake, nikafunua kila sufuria ili ajue kwamba kuanzia leo anaweza kula chochote cha mkono wangu. Kisha nikasema, "Mwanangu, nyanyua kichwa."

Alichelewa. Kisha akanyanyua. Ni kijana tu! Masikio yametoka nje, na kuna kovu dogo kwenye nyusi. Nilikuwa nimejitengenezea mtu mkali mwenye kidevu juu, nikamchukia yule niliyemtengeneza. Huyu wa kweli hakujua atazame wapi.

Ikaja shida. Mkono wa kuume haufanyi kazi, na wa kushoto haulishi chakula cha heshima kama hiki. Wote wakatazamana. Nikanawa. Nikamega tonge la bukari, nikabonyeza, nikachovya kwenye sombe, nikamlisha mwenyewe. Alitafuna akilia. Mimi pia nililia, nimesema nitaandika yote. Mwansa alisema kwa sauti, "Mama yake anaona." Sikujua anasema na nani.

Baada ya chakula nikatoa utepe. Nikampima kutoka bega hadi kidole cha kati, kiganja, unene wa ngumi, goti akiwa amekunja. Mikono mirefu kabisa. Ya baridi, hata mchana ule, jua limesimama. Nilipomaliza kuandika vipimo niliendelea kuishika tu, nikiipasha.

Kisha nikakumbuka neno. "Godefroid, hii tukutuku yako inaumwa nini? Kila alfajiri inakufa mbele ya mlango wangu."

Akainamisha kichwa tena. Ni Edith aliyecheka. "Mama, haizimike. Ni yeye anaizima. Anashuka, anaisukuma mpaka ku fundi viatu, njo anawasha."

"Juu ya nini?"

"Mama," akasema Godefroid, na ndiyo mara ya kwanza ananiita hivyo uso kwa uso, "naweza kupita namna gani na makelele, nimekaa juu sawa chef, mbele ya mulango yako? Umelala."

Chuma cha usukani, alfajiri ya barafu, na anakisukuma kupanda mlima, kila siku, ili nilale. Nami nilikuwa kitandani namwita mwizi wa kuku.

15 Julai

Nashona. Mdomo wa mfuko mpana sasa, umekazwa kwa ukingo wa mpira wa gurudumu ili ubaki wazi. Hakuna uzi. Upepo kidogo utaingia, uingie. Mkono lazima uanguke nje wenyewe kama embe lililoiva.

18 Julai

Majaribio uani, Godefroid mwenyewe juu ya tukutuku. Mimi nasimama nyuma yake napiga kelele "Toa!" na yeye anatoa mikono. "Frein!" na vidole vinashika. Mara moja kidole gumba kilikwama, nikafumua mshono wote, nikashona upya, tukaanza tena. Hakusema imeenea. Alisema, "Mama, huku kunabana." Nilifurahi kuliko angenisifu. Tablier nimeitia kiraka pale ilipochanika. Mbuzi mweupe anatutazama kwa wasiwasi, nimemwambia ngozi yake haina kazi mwaka huu.

20 Julai

Kesho anarudi kazini. Daktari amekubali, Mgriki amekubali. Mimi bado.

21 Julai

Niliamka kabla yake. Nilikaa kitandani kwenye giza, blanketi mabegani, nikisikiliza. Ikawaka kule chini. Ikaanza kupanda. Ikakaribia, nikashika rozari nikingoja ife mahali pake pa siku zote.

Haikufa. Ilipita mbele ya mlango wangu ikiunguruma kwa nguvu zote, bati la paa likatetemeka, na katikati ya ngurumo akapiga honi, mara moja, ndefu, kama treni inayoingia gare. Maana yake mkono ulitoka, ukapiga, ukarudi ndani.

Liévin aliruka. "Ni nani huyu anaamsha bantu? Hana heshima?"

"Nyamaza," nikamwambia. "Ni mtoto wangu anapita."